Kipande Kitakwenda Wapi? Hotuba kwa wafugaji wa mbwa wadogo wa Goma

Wababa, wamama, vijana, na ninyi watoto mlioketi hapa mbele: jambo kwenu nyote. Mmeacha kazi za Jumamosi kuja kusikiliza habari za mbwa wadogo, basi hatutawachosha kwa utangulizi.

Mbwa tunaowazungumzia ni wa kilo 3 hadi 8: kanishi, bishoni, wale wenye pua bapa, na hawa wetu wa kuchanganyika wanaolala sebuleni. Mazoea yetu mengi ya kulisha na kuchezesha mbwa yametoka kwa yule mkubwa anayelinda parseli, yaani kiwanja cha nyumba. Yule anameza mfupa leo na kesho ameutoa. Huyu mdogo utumbo wake mwembamba hauzidi sana unene wa kidole chako kidogo cha mkono, na umio wake, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, si mpana kuliko huo. Kilichopita kwa mkubwa kinakwama kwa mdogo.

Kila kitu unachompa mbwa akitafune, siku moja kitatoa kipande. Mpira utatoa kipande, doli litatoa kipande, ngozi itatoa kipande. Kwa hiyo swali la kwanza unapokishika kitu sokoni si bei, wala rangi, wala kama mbwa atakipenda. Mbwa hupenda hata soksi. Jiulize: kikikatika, kipande kitakuwa cha namna gani, na kitakwenda wapi? Kitayeyuka tumboni? Kitapita? Kitachoma? Kitavimba? Ukishindwa kujibu, rudisha kitu hicho mezani kwa muuzaji.

Tuanze na vile ambavyo hatununui, kwa sababu ndivyo vinavyoleta mbwa wengi kwenye meza ya upasuaji.

Cha kwanza ni gunzi la mahindi. Hapa Goma mahindi ya kuchoma yako kila kona ikifika jioni. Mtu anamaliza kula, anamtupia mbwa gunzi, mbwa analifurahia kwa sababu lina harufu ya moto na chumvi ya mkono. Analikata vipande vya sentimita 2 au 3 na kuvimeza. Gunzi haliyeyuki tumboni mwa mbwa. Linanyonya maji, na ukavu wake unashika ukuta wa utumbo. Linaweza kukaa kwenye mfuko wa tumbo siku nyingi, hata wiki kadhaa, mbwa akiendelea kula na kukimbia, halafu siku moja likasukumwa ndani ya utumbo mwembamba na kuziba njia. Ndiyo maana mwenye mbwa huapa kwamba mbwa wake hajala chochote: gunzi lenyewe lililiwa wiki mbili nyuma, na hakuna anayekumbuka. Zaidi ya hapo, kwenye picha ya eksirei, au radio kama tunavyosema huku, mfupa unaonekana mweupe wazi, lakini gunzi mara nyingi halionekani vizuri. Ukijua kwamba mbwa wako ameokota gunzi, mwambie veterineri hata kama imepita muda. Neno hilo moja linaweza kumwokolea siku nzima ya kutafuta. Kokwa ya embe na kokwa ndogo ya avoka zina tabia hiyohiyo, na ile ya avoka inateleza, inamezwa nzima.

Mifupa iliyopikwa tunairudia kila mwaka. Mfupa mbichi una unyevu na kamba za ndani zinazoufanya ukubali kupinda kidogo. Moto unaondoa hayo, na mfupa uliobaki unapasuka kwa ncha. Mbavu za kuku, mbavu za mbuzi na miba ya tilapia huchoma. Pingili za mgongo wa mbuzi zina tatizo jingine: zina pembe pande zote, zikiingia kwenye umio zinajishikiza. Umio una sehemu tatu zinazobana: pale unapoingia kifuani, pale unapopita juu ya moyo, na pale mwisho kabla ya kufika tumboni. Mfupa uliokwama hapo unakandamiza ukuta hadi unaoza, na kinachotoka kinaingia kifuani. Mbwa wa namna hiyo anatoa udenda, ananyoosha shingo, anameza meza bila kitu, na akinywa maji yanarudi. Usingoje kesho.

Na mfupa mbichi je? Kwa mbwa wa kilo 5, jibu letu ni hapana, kwa sababu ya meno yake. Kuna pia mfupa wa paja uliokatwa kama pete, ule wa uboho. Mbwa anaulamba, pete inapita juu ya chonge za chini na kukaa nyuma yake kwenye taya. Kuivuta kwa nguvu kunararua fizi. Paka mafuta ya kupikia, jaribu mara moja taratibu, na ikikataa nenda ikakatwe na mtu mwenye chombo chake.

Sasa mawe. Sisi wa Goma tunaishi juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo. Yaliyoshuka mwaka 1977, yaliyopita katikati ya mji mwaka 2002, yaliyokuja tena mwaka 2021: yote yako kwenye kuta zetu, njia zetu na nyua zetu. Watoto wanatupa jiwe jeusi, mbwa analileta, mchezo unanoga. Jiwe hilo ni gumu kuliko jino, na uso wake ni kama tupa ya fundi. Ganda la nje la jino la mbwa halifiki hata milimita 1. Kila akilibeba jiwe, linasagika. Siku akilibana kwa nguvu, gego kubwa la juu, lile analolitumia kukatia nyama, linamenyuka ubavuni kama kibanzi cha kuni. Mara nyingi hakuna damu ya kuonekana. Mbwa anaanza kutafuna upande mmoja, anaangusha chakula, na baada ya wiki au miezi anavimba chini ya jicho. Watu humtilia dawa ya macho. Jicho halina ubaya wowote: ni usaha wa mzizi wa lile gego. Enyi watoto, tupeni mpira, jiwe acheni lilale.

Ugumu una vipimo viwili rahisi. Kandamiza kitu kwa ukucha wa dole gumba: kama hakiachi hata alama wala hakibonyei, ni kigumu mno kwa jino. Kipimo cha pili, fikiria kujigonga nacho kwenye goti. Kama wazo lenyewe linakuumiza, kisiingie mdomoni mwa mbwa. Pembe ya ng'ombe, kwato, mfupa wa paja na plastiki ngumu ya bomba la maji vyote vinashindwa hapo. Kipande cha mti cha fundi wa chukudu, ile baiskeli yetu ya mti ya kubebea mizigo, kinaweza kupita kwenye ukucha, lakini kinatoa vibanzi vinavyochoma kaakaa na kujificha chini ya ulimi, kwa hiyo nacho tunakikataa. Na ule mpira wa tairi unaovishwa magurudumu ya chukudu, mafundi hutupa mabaki yake: ndani una nyuzi za nailoni au za chuma. Mbwa akiutafuna nusu saa, nyuzi zinatoka kama brashi.

Tufike kwa mpira wa kununua. Kipimo chake ni mdomo wa mbwa, na bei isikudanganye. Mpira ukae mbele, umeshikwa na meno, usiweze kupita nyuma ya chonge. Ukipita hapo umekuwa kizibo cha chupa: kila pumzi inauvuta ndani zaidi. Kwa mbwa wa kilo 3 hadi 5 usishuke chini ya sentimita 5 upana. Kwa wa kilo 6 hadi 8 tafuta 6 au zaidi kidogo. Mpira wa tenisi una kama sentimita 6.5, kwa ukubwa unafaa, lakini manyoya yake yanashika mchanga wetu wa volkano na kugeuka msasa. Tumia kwa kurusha tu, kisha uufiche. Vimpira vya watoto vya kurukaruka, vile vya rangi vyenye ukubwa wa gololi kubwa, visikae hata nyumba moja na mbwa mdogo.

Jambo ambalo wengi hawalijui: mpira wenye uwazi ndani lazima uwe na matundu mawili. Ukiwa na tundu moja tu, mbwa akitia ulimi kutafuta chakula, hewa inatoka na ulimi unanyonywa ndani. Unavimba, tundu linaubana, damu hairudi. Tumeona wazo zuri la watu kutoboa mpira mzee na kujaza chakula. Lifanye, ila toboa pande mbili zinazotazamana, lainisha kingo, na hakikisha taya la chini la mbwa haliingii kwenye tundu lolote.

Madoli ya chaguwa, yaani mitumba, ya sokoni Birere ni ya bei nafuu na mbwa wanayapenda, tusiyakataze. Ila doli lilitengenezwa kwa ajili ya mtoto anayekumbatia, siyo kwa meno. Kabla ya kumpa mbwa, kaa nalo dakika 10 na mkasi. Kata macho ya plastiki, pua, vifungo, utepe, lebo. Bonyeza tumbo: ukisikia punje, ni chembe za plastiki, zimwage zote. Ukisikia mlio, toa kile kidude kinacholia, maana mbwa atakitafuta mpaka akipate na akimeze. Pindisha mikono na miguu: kama kuna waya ndani, tupa doli zima. Kama linaimba au kuwaka taa, fungua utoe betri. Betri ya duara kama sarafu ikikwama kwenye umio inaunguza nyama kwa saa chache tu, hata ikiwa imezeeka. Mwisho fua doli kwa sabuni, likauke juani. Kitu cha mpira au plastiki chenye harufu kali ya rangi, au kinachopaka rangi kwenye kitambaa cheupe chenye maji, kiache hukohuko dukani.

Mnisaidie hapa kusikiliza kwa makini, kwa sababu tunafika kwenye uzi, na uzi unaua kimyakimya kuliko mfupa. Magunia ya makala, yaani mkaa, yanayoshuka mjini yamefumwa kwa nyuzi bapa za plastiki na kushonwa mdomo kwa kamba. Gunia likichakaa linafumuka, mbwa anavuta uzi, anacheza nao, anaumeza. Meshi za nywele zinazofagiwa saluni ziko vilevile, na kamba ya nailoni ya kuanikia nguo pia. Uzi mrefu unajishika mahali, mara nyingi chini ya ulimi au kwenye mlango wa tumbo, huku mwisho wake ukiendelea kuvutwa na utumbo. Utumbo unapojaribu kuusukuma, unajikunja juu ya uzi kama pindo la suruali lililovutwa kamba, kisha uzi unakata kutoka ndani. Mbwa anatapika, amekunja mgongo, hataki kushikwa tumbo. Ukiona uzi unaning'inia nyuma ya mbwa, usiuvute hata kidogo. Wala usiuvute kwanza uwe mrefu ndipo uukate. Mpeleke kama alivyo.

Kamba ya kuchezea mnaweza kuisuka nyumbani kwa vipande vya kitenge kizee cha pamba: vipande vitatu, upana wa sentimita 5, urefu wa 60, msokoto uliokazwa, fundo kila upande. Ni ya kuvutana mkiwa wawili, wewe na mbwa, halafu inarudi juu ya kabati. Siku nyuzi zinapoanza kutoka, muda wake umekwisha. Msitumie chandarua kizee, kwa sababu kina dawa ya wadudu na nyuzi zake hazikatiki. Kwa mtoto wa mbwa anayebadilisha meno, kuanzia umri wa miezi 4 hadi 6 au 7, kitambaa kama hicho kilicholoweshwa maji baridi kinatuliza fizi. Anabadilisha meno 28 kuwa 42, na kwa mbwa wadogo chonge ya utotoni hukataa kutoka. Ukiona chonge mbili bega kwa bega akiwa na miezi 7, ioneshwe.

Sasa vya kutafuna vinavyolika. Ngozi ya ng'ombe iliyokaushwa na kufungwa fundo kama mfupa hatuipendekezi kwa mbwa mdogo. Ikilowa inakuwa utelezi, mbwa anaimeza kipande kikubwa, na kipande kinavimba tumboni. Mabaki ya ngozi kwa fundi viatu ni mabaya zaidi: yamepita kwenye dawa za kulainisha na rangi.

Kinachofaa kiko kwa mchinjaji, tena kwa bei ndogo: pafu la ng'ombe. Likikauka ni jepesi, linavunjika kama biskuti, kipande chake kinalainika tumboni na kuyeyuka. Chukua nusu kilo. Lipapase na ulikate ulitazame: ukikuta malengelenge ya maji au vinundu vigumu vyeupe, usimpe mbwa na usimtupie mbwa yeyote mtaani, lichome au lizike chini sana. Malengelenge hayo yana mabuu ya tegu ambaye akikomaa kwa mbwa, mayai yake hurudi kwa watu. Pafu safi lichemshe dakika 30. Litaelea na kutoa povu jingi, kwa hiyo lilemee kwa sahani. Usitie chumvi, kitunguu wala mchuzi wa kopo. Likipoa, kamua maji, kata vipande bapa vya unene wa sentimita 1 na urefu wa 8. Vitandaze kwenye wavu juu ya babula, yaani jiko la mkaa, yenye makala yaliyofunikwa majivu, geuza kila nusu saa, kwa muda wa saa 4 hadi 5. Mwenye tanuri la umeme atumie digrii 90 kwa saa 3. Makala yasiwashwe kwa sasheti za plastiki, moshi wake unaingia kwenye nyama. Vunja kipande kinene kuliko vyote: kama katikati bado kinapinda, rudisha motoni. Unyevu huo wa katikati, pamoja na ubaridi wa jioni za hapa, ndio unaoleta ukungu siku ya nne. Weka kwenye chupa kavu yenye mfuniko, tumia ndani ya siku 10. Ukiona ukungu kwenye kimoja, tupa vyote, usikwangue.

Kiasi ni gramu 10 kwa siku kwa mbwa wa kilo 5. Mbwa huyo anahitaji kama kalori 350, na vya kutafuna visizidi sehemu 1 ya 10. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, waliokaushwa bila chumvi, wale wa soko la Kituku, wanafaa kwa kiasi hichohicho. Wapepete kwanza mchanga. Karoti nayo ni nzuri, lakini mpe nzima na nene, ukiishika upande mmoja. Ile iliyokatwa duara kama sarafu inaziba koo.

Wanaojaza mpira kwa kalanga iliyosagwa wanunue kalanga mpya. Kalanga na mahindi yaliyoshikwa na ukungu yana sumu inayoua ini la mbwa, na mbwa mdogo hahitaji kula nyingi. Kama ni ya kopo la nje, soma maandishi: ukiona neno xylitol, yaani kitamu cha badala ya sukari ambacho ni sumu kwa mbwa, isimkaribie. Kijiko 1 cha chai kinatosha.

Mpe kitu cha kutafuna baada ya chakula, si kabla, maana mwenye njaa anameza bila kutafuna. Dakika 15 zinatosha, wewe ukiwepo. Mbwa wawili, vyumba viwili. Kikibaki kifupi kuliko sentimita 5, kichukue kwa kubadilishana na kitu kingine. Ukimnyang'anya, kesho yake atakimeza haraka ili usikipate.

Akikabwa, yaani hapitishi hewa, ulimi unakuwa wa buluu: fungua mdomo, kama unakiona kitu kivute kwa kidole kutoka pembeni, usikisukume. Ikishindikana, mwinue kiunoni kichwa kikiwa chini, mpige mara 5 katikati ya mabega kwa kiganja. Halafu mgeuze mgongo wake kifuani kwako, weka ngumi chini ya mbavu, bonyeza kwenda ndani na juu mara 5, kwa nguvu ya kiasi chake. Tazama mdomo tena, rudia. Kama ni mpira, weka dole gumba na kidole cha pili pande mbili za koo, chini ya taya, nyuma ya mpira, na uusukume kutoka nje kuja mbele. Hata ukitoka, apimwe siku hiyo. Na mbwa aliyemeza kitu msimnyweshe maji ya chumvi atapike: chumvi nyingi inaua ubongo wa mbwa mdogo, na kitu chenye ncha kinachoma mara ya pili kikirudi.

Lakini haya ya kutia mkono mdomoni yana mpaka, na hapa kwetu mpaka huo ni kichaa cha mbwa. Mbwa mwenye kichaa huweza kukaa taya likiwa limelegea, udenda unatiririka, hawezi kumeza, sauti imebadilika. Anafanana kabisa na mbwa aliyekwamwa na mfupa, na watu wengi wameweka mkono wakitafuta mfupa ambao haukuwepo. Aliyekabwa hali yake ni ya ghafla, dakika chache baada ya kula au kucheza, anahangaika kutafuta hewa. Ambaye udenda umeanza polepole tangu jana, amekuwa mkimya au mkali kuliko kawaida, au hujui kama amechanjwa, usimguse mdomo. Mfungie chumbani peke yake, watoto wakae mbali, mwite veterineri aje. Kama tayari amekuuma au udenda wake umegusa kidonda, osha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kwa saa mkononi, kisha nenda kituo cha afya siku ileile uombe chanjo, usisubiri kuona mbwa atakuwaje.